Sabuni za Mkono za Unguja na Mnunuzi Anayerudi

Sabuni ya mkono, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni sabuni ngumu ya kuogea inayotengenezwa nyumbani kwa kiasi kidogo, kuanzia mafuta na kostiki, na mtu ambaye aghalabu ana kazi nyingine inayomlisha, iwe ni kilimo cha mwani, ualimu, ushonaji au duka. Maana hiyo inawaacha nje watu wa aina mbili ambao mara nyingi huchanganywa naye: mtengenezaji wa sabuni ya maji, ambaye hayageuzi mafuta bali huchanganya kemikali za povu zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, na yule anayenunua sabuni iliyo tayari, akaiyeyusha, akaitia rangi na manukato, kisha akaimimina upya katika kalibu. Kazi zote mbili ni halali na zina soko lake, lakini ugumu wake ni mwingine na hatari zake ni nyingine, na anayezichukulia zote tatu kuwa ni kitu kimoja hushangaa anapoona bei zake hazilingani.

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Paje, Jambiani na vijiji jirani, sabuni ya namna hii imekuwa kwa muda sasa bidhaa inayotambulika, ikiuzwa hotelini, katika maduka ya zawadi na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kaki au kwa ukili, na kuandikwa mwani, karafuu, mchaichai au mdalasini. Mgeni hununua vipande viwili vitatu, hupanda ndege, na habari yake huishia hapo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kupendwa huko na wageni, pamoja na faida yake yote, kumewaficha watengenezaji wengi jambo la msingi la kazi yao, yaani kwamba sabuni ni kitu cha kuisha na kununuliwa tena, na kwamba hukumu ya ubora wake hutolewa na mtu anayerudi, ambaye kwa kawaida ni jirani.

Pwani hii haikuanza juzi kuhusika na sabuni, ingawa kwa muda mrefu ilihusika kwa upande wa malighafi tu. Marseille, bandari ya kusini mwa Ufaransa, ilijijengea jina kwa sabuni ya mafuta ya zeituni, na amri ya kifalme ya mwaka 1688 ilikataza mafuta mengine kutiwa humo. Lakini katika karne ya 19 mahitaji yalizidi zeituni zilizopatikana, na viwanda vya mji huo vikageukia mbegu za mafuta kutoka Afrika na Asia. Mwaka 1844 Ufaransa ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na katika miaka iliyofuata wafanyabiashara wa Marseille wakawa wanunuzi wa ufuta wa mwambao na wa mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, ambayo ilikamuliwa huko ng'ambo na kugeuzwa mafuta na sabuni. Kwa upande wa magadi, Nicolas Leblanc alikuwa amekwisha kupewa hataza mwaka 1791 kwa njia yake ya kuyapata kutokana na chumvi ya kawaida, na hivyo wenye viwanda wakaondokana na utegemezi wa majivu ya mimea. Nazi ya pwani na magadi ya kiwandani vilikutana Ulaya. Leo vinakutana uani, katika ndoo ya plastiki, na thamani inayoongezeka baada ya nazi kukamuliwa hubaki kijijini, angalau kwa sehemu.

Kilichokuwa kikitendeka ndani ya chungu cha sabuni hakikufahamika sawasawa hadi mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipochapisha utafiti wake juu ya mafuta mwaka 1823. Mafuta, ya mimea na ya wanyama, ni muungano wa asidi za mafuta tatu tatu zilizoshikwa na gliserini. Kostiki, ambayo jina lake la kikemia ni haidroksidi ya sodiamu, huuvunja muungano huo, huzichukua asidi na kufanya nazo chumvi, na chumvi hiyo ndiyo sabuni, huku gliserini ikiachwa huru. Mabadiliko hayo huitwa usabunishaji. Viwandani gliserini aghalabu hutengwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa dawa na vipodozi, wakati katika sabuni ya mkono hubaki ndani ya kipande, na kwa kuwa huvuta unyevu, ndiyo inayoifanya ngozi isikakamae baada ya kuoga, na ndiyo pia inayoifanya sabuni itoke jasho rafuni wakati wa masika, jambo linalowatia hofu wanunuzi wasiolijua.

Ifahamike kwamba kostiki si magadi. Magadi yanayovunwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, na yanayopatikana pia katika Ziwa Natron nchini Tanzania, ambayo wapishi huyatia katika maharage ili yaive upesi, ni kabonati na bikabonati za sodiamu, na nguvu yake haitoshi kuyavunja mafuta kwa ukamilifu. Yakichemshwa pamoja na chokaa, chokaa huichukua kabonati na kuzama nayo kama unga mweupe, na maji yanayobaki juu ndiyo kostiki. Majivu ya maganda ya ndizi na ya mimea mingine hutoa zaidi potasiamu kuliko sodiamu, na sabuni yake huwa laini isiyoshika umbo. Mtengenezaji wa leo hununua kostiki ya kiwandani, ya vipande vyembamba au ya chembe za mviringo, na kosa la mwanzo huweza kuanzia hapo dukani, kwa sababu kostiki iliyokaa katika mfuko uliofunguliwa hunyonya unyevu na hewa ya kabonidioksidi, uzito wake ukaongezeka na nguvu yake ikapungua, kiasi kwamba gramu mia zilizopimwa si gramu mia za kostiki.

Hapa ndipo mizani inapoingia, na hakuna kifaa kingine katika kazi hii kinachostahili kutajwa kabla yake. Kila aina ya mafuta ina kipimo chake cha usabunishaji, yaani kiasi cha kostiki kinachohitajika ili gramu moja ya mafuta hayo igeuke sabuni yote: mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183, mawese gramu 0.142, na alizeti gramu 0.135. Mchanganyiko wa kilo moja ya mafuta wenye gramu 500 za nazi, 300 za mawese na 200 za alizeti utahitaji basi gramu 161 za kostiki, lakini mtengenezaji mwangalifu hatii zote. Hupunguza kwa asilimia tano, akatia gramu 153, ili sehemu ndogo ya mafuta ibaki bila kugeuka, iwe akiba inayoilinda ngozi dhidi ya kosa dogo la kupima na inayoifanya sabuni iwe na upole. Sasa mtu akichukua gramu zilezile 153 na kuzitia katika kilo moja ya alizeti tupu, kwa kuwa wiki hiyo nazi zilikuwa ghali, atakuwa amebakisha gramu 18 za kostiki zisizo na mafuta ya kuzimaliza, na sabuni hiyo itaichoma ngozi hata ikifungwa kwa karatasi nzuri namna gani. Akizitia katika kilo ya nazi tupu, hatari haipo, lakini sabuni itakuwa na mafuta ya ziada ya asilimia 16 hivi. Vipimo vya kikombe na kijiko, vinavyofundishwa bado katika baadhi ya semina za ujasiriamali, havifai kabisa, kwa sababu ujazo wa kostiki hubadilika kulingana na ukubwa wa chembe zake. Na mizani ya kidijitali yenye kupima hadi gramu moja si kitu cha anasa kwa mtu anayekusudia kuuza.

Uchaguzi wa mafuta ndio unaoamua tabia ya sabuni, na tabia hiyo haifichwi na manukato. Mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, hutoa sabuni ngumu, nyeupe, yenye povu jingi linalotoka upesi, na ina sifa moja ambayo watu wa pwani wangepaswa kuithamini kuliko wanavyoithamini: hutoa povu hata katika maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia wa zamani walipewa sabuni ya nazi. Visima vingi vya Unguja vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana kalisi inayoungana na sabuni ya kawaida na kufanya utando mweupe unaogandama kwenye ndoo na kwenye nywele. Sabuni yenye nazi nyingi haiuondoi utando huo, lakini huutangulia kwa povu. Ubaya wake ni kwamba huondoa mafuta ya ngozi kupita kiasi, kwa hiyo huchanganywa na mawese, ambayo huipa sabuni uimara na povu zito la kudumu, na pia na mafuta laini kama alizeti au ufuta. Mawese mekundu ya Kigoma, ambako utengenezaji wa sabuni za nyumbani una mizizi ya muda mrefu, huleta pia rangi ya manjano iliyokoza isiyohitaji kutiwa dawa yoyote, ingawa hufifia kipande kikiwekwa juani.

Njia inayotumiwa na wengi huitwa njia ya baridi, kwa sababu mafuta hayachemshwi. Hupashwa moto kidogo tu hadi yayeyuke, na joto linalobaki huletwa na kostiki yenyewe. Kostiki humiminwa katika maji kidogo kidogo, na kamwe maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa kuwa joto linalotokea mara moja huweza kuyarusha maji hayo usoni. Mchanganyiko hupanda hadi kukaribia nyuzi 90 za Selsiasi, na mvuke wake hukereketa kooni, hivyo kazi hiyo hufanyiwa nje au dirishani, kwa glavu na miwani ya kujikinga, watoto wakiwa mbali. Liko onyo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa mstari mmoja, lakini ambalo Afrika Mashariki linastahili aya nzima: sufuria nyingi za nyumbani huku ni za alumini, na kostiki huila alumini, ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, ikiitoboa sufuria na kuiharibu sabuni. Vyombo vinavyofaa ni vya chuma cha pua, au vya plastiki ngumu inayostahimili joto, ile yenye tarakimu 5 ndani ya pembetatu iliyochapwa chini yake, na mwiko uliotumika kwa sabuni haurudi tena jikoni. Tone likiruka juu ya ngozi huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka. Siki, inayosifiwa na baadhi ya walimu kwa kuwa ni asidi, haimwagwi juu ya jeraha, kwa sababu makutano yake na kostiki huzalisha joto jingine.

Maji ya kostiki na mafuta vikishakutana hukorogwa, kwa mwiko kwa muda mrefu au kwa mashine ndogo ya mkono kwa dakika chache, hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mtoto na tone linalodondoshwa juu yake likaacha alama kabla ya kuzama. Hatua hiyo ndiyo inayotenganisha mafuta na kitu kinachoanza kuwa sabuni, na ndiyo wakati wa kutia manukato, rangi na unga wa mwani.

Kuhusu mwani, ukweli mmoja hausemwi vya kutosha madukani: mwani hauna mafuta ya kutosha kugeuka sabuni, kwa hiyo sabuni ya mwani ni sabuni ya nazi au ya mawese iliyotiwa mwani. Hilo haliupunguzii heshima. Ulioanza kulimwa kibiashara mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, mwani umekuwa kwa zaidi ya miaka thelathini kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa, wanaofunga vipande vya mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi na kuvuna bahari ikitoa. Aina mbili hulimwa, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haiyavumilii maji yanayozidi kupata joto katika kina kifupi, na imekuwa ikifa, hivyo wakulima wengi wamebaki na spinosamu, ambayo hukaushwa na kusafirishwa nje kwa ajili ya karajinani, kitu cha kuzidishia uzito kinachotiwa katika vyakula na dawa za meno. Bei ya mkulima kwa kilo imekuwa duni tangu mwanzo. Katika hali hiyo Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Unguja, alianzisha mwaka 2006 kongano la mwani la Zanzibar, yaani umoja unaowakutanisha wakulima, watafiti na watumishi wa serikali, na miongoni mwa mambo yaliyofundishwa humo ni kuusaga mwani na kuutia katika sabuni, mafuta ya kujipaka na vyakula. Katika kipande cha sabuni unga huo hufanya kazi mbili zinazothibitika kwa mkono: husugua ngozi kwa upole, na huongeza utelezi wa povu. Mengine yanayodaiwa juu yake yahitaji ushahidi ambao mtengenezaji wa nyumbani hana.

Karafuu ni habari nyingine, na ni yenye hila. Mafuta yake ya kunukia, pamoja na yale ya makonyo yanayokamuliwa katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake, Pemba, yana yujenoli kwa sehemu iliyo kubwa kuliko nyingine zote, na yujenoli huuharakisha usabunishaji kiasi kwamba mchanganyiko uliokuwa uji huweza kugeuka jiwe ndani ya ndoo kabla haujafika katika kalibu. Wenye uzoefu huyatia mwisho kabisa, wakiwa wameyachanganya kwanza na mafuta kidogo, huku mchanganyiko ukiwa bado mwepesi na usio na joto kali, na hukoroga kwa mwiko badala ya mashine. Isitoshe, yujenoli huwasha ngozi za baadhi ya watu, na mdalasini huwasha zaidi, kwa hiyo desturi ya kutia matone mengi ili harufu isikike hadi barabarani ni desturi mbaya, hata kama ndiyo inayomsimamisha mpita njia.

Baada ya siku moja au mbili sabuni hutolewa katika kalibu, hukatwa, na kupangwa mahali penye hewa na kivuli kwa wiki nne hadi sita. Wengi huamini kwamba wiki hizo ni za kuisubiri kostiki iishe. Kwa hakika, kama vipimo vilikuwa sahihi, kostiki huwa imekwisha karibu yote katika siku mbili za mwanzo, na kinachosubiriwa ni maji yatoke na chembe za sabuni zijipange, ili kipande kiwe kigumu, kisiishe upesi, na povu lake liwe laini. Katika mfano uliotangulia, kilo moja ya mafuta, gramu 153 za kostiki na gramu 306 za maji hufanya gramu 1,459. Zikikatwa vipande 14, kila kimoja huwa na gramu 104 siku ya kukatwa, lakini nusu ya maji yake yakishakauka hubaki gramu 93 hivi. Anayeandika gramu 104 kwenye lebo kwa kuwa ndizo alizozipima mwanzo anamwibia mnunuzi bila kukusudia, na mnunuzi mwenye mizani ya dukani atalijua hilo siku moja. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya pwani hubeba unyevu mwingi, na sabuni iliyotengenezwa katika miezi hiyo huhitaji muda mrefu zaidi, ilhali huo ndio msimu ambao wageni ni wachache na mtengenezaji ana nafasi ya kutosha ya kufanya kazi. Kwa hiyo mwenye akili hutengeneza masika na kuuza kuanzia Juni, na fedha yake hulala rafuni kwa muda wote huo. Anayetoa sabuni ya wiki mbili kwa sababu anahitaji fedha ya ada atapata ada, ila kipande chake kitayeyuka katika sahani ya bafuni kabla ya wiki kwisha.

Upande wa hesabu ndio ambao mapenzi ya kazi huudhuru zaidi. Mtu anayeanza kwa kupenda huhesabu mafuta, kostiki, manukato na karatasi, akayagawa kwa idadi ya vipande, akaongeza kidogo na kuita faida, na saa zake mwenyewe akaziacha nje kana kwamba hazikutumika. Tuseme kupima, kuyeyusha, kukoroga, kumimina na kuosha vyombo huchukua saa mbili kwa vipande 14. Kazi hiyohiyo kwa vipande 42 haichukui saa sita, huenda isifike tatu, kwa kuwa maandalizi na usafi havizidi sana. Kwa hiyo kalibu kubwa hupunguza gharama kuliko mafuta ya bei nafuu, na ni heri mtu atengeneze aina tatu kwa wingi kuliko aina kumi na mbili kwa uchache, ijapokuwa hizo kumi na mbili ndizo zinazompendeza yeye mwenyewe. Hakuna hesabu yoyote itakayoiwezesha sabuni hiyo kushindana na mche wa kiwandani kwa bei, na jaribio la kushindana huko limewavunja moyo wengi. Mche hununuliwa ili nguo zifuliwe na watoto waogeshwe. Sabuni ya mkono hununuliwa kwa sababu nyingine, na muuzaji anapaswa kuijua sababu hiyo kabla ya kutaja bei.

Maduka ya zawadi mara nyingi huchukua kwa mali kauli, yaani bidhaa huachwa na malipo hufuata baada ya kuuzwa, jambo linaloonekana kuwa wema lakini linalomfanya mtengenezaji kuwa ndiye anayemkopesha mwenye duka. Sabuni iliyokaa dirishani miezi mitatu hupoteza rangi na harufu, na mafuta yake ya akiba, hasa ya alizeti, huanza kuharibika na kutoa madoa ya rangi ya machungwa, kisha hurudishwa kwa mwenyewe kama isiyouzika. Afadhali bei ya chini kidogo inayolipwa siku ya kukabidhiana.

Sheria nayo ina lake. Tanzania Bara, usimamizi wa vipodozi ulihamishwa mwaka 2019 kutoka mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, hupata nafuu katika hatua za mwanzo za kuomba alama ya ubora. Zanzibar ina taasisi zake, ZBS kwa viwango na Wakala wa Chakula na Dawa kwa vipodozi. Kinachowaponza wengi ni maneno zaidi ya alama. Sabuni inayosemwa kuwa inasafisha ni sabuni. Ile inayosemwa kuwa inaponya ukurutu au kuondoa fangasi imejiingiza yenyewe katika daraja la dawa, na mwenye nayo atatakiwa kuthibitisha. Hofu ya watu juu ya mkorogo, yaani michanganyiko ya kujichubua yenye zebaki au haidrokwinoni, imeipa sabuni ya mkono nafasi ya kuaminiwa, na ni jambo la kusikitisha kuona baadhi ya wauzaji wakiitumia nafasi hiyohiyo kuahidi ngozi nyeupe. Kwa anayeota soko la Ulaya, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1223 ya mwaka 2009 inadai ripoti ya usalama kwa kila aina ya kipodozi na mtu anayewajibika aliye ndani ya Umoja huo. Mgeni anayebeba vipande vitatu katika sanduku lake haguswi na kanuni hiyo, lakini katoni moja ya kuuza inaguswa.

Ndiyo maana soko la nyumbani linastahili kufikiriwa kwa uzito zaidi kuliko linavyofikiriwa sasa. Pwani ina utamaduni kamili wa kunukia na kuutunza mwili, wenye wanunuzi wenye ujuzi na ukali wa kuchagua: singo inayosuguliwa kwa bi harusi, liwa, udi, asumini na vikuba. Somo anayemwandaa mwali anajua tofauti ya liwa safi na liwa iliyochanganywa kwa kuinusa tu, na mama anayelitayarisha sanduku la binti yake hatafuti bei ya chini. Sabuni ya nazi iliyotiwa unga wa liwa, iliyokaa wiki sita na kupimwa uzito wake mkavu, ingeingia katika sanduku hilo bila kuhitaji maelezo, pamoja na sabuni ya pili ya kutumiwa baada ya fungate. Asumini ina tatizo lake, kwa kuwa maua yake mabichi hugeuka kahawia yakikutana na kostiki, na harufu yake haibaki, hivyo mtengenezaji atalazimika ama kununua mafuta yake, ambayo ni ghali mno, ama kuiacha sabuni bila harufu na kuliachia sanduku lenyewe, lenye vikuba na nguo zilizofukizwa udi, liitie harufu polepole. Mnunuzi wa namna hiyo hukaa mtaa wa pili. Sabuni ikimwasha mwali, habari itamfikia mtengenezaji kabla ya adhuhuri, kwa mdomo, na pengine mbele ya watu. Ikimpendeza, dada zake na mashoga zake wataulizia kabla ya harusi inayofuata, na kwa wakati huo hakuna atakayetaka kujua kama karatasi ya nje ni ya kaki au ya gazeti.